Siku ya nne kazini nimeomba ruhusa ya kuchuma kahawa

Mbinga nzima nani ana bahati kama mimi? Siku ya nne tu kazini, nimepewa ruhusa!

Asubuhi nimemfuata bosi wangu, mama mwenye duka la saruji na mabati.

"Shikamoo mama. Naomba siku mbili. Kahawa ya mama yangu kule Ukata imeiva, inadondoka, na yeye mgongo umemkataa."

Akanikazia macho.

"Wewe! Hata jina lako sijalishika, tayari ruhusa? Yangu nayo imeiva, mbona niko hapa?"

Mimi, mtoto wa mjini niliyeizunguka Dar yote, nikajikuta nahesabu mifuko ya saruji!

Akawageukia wenzangu. "Jumapili tukitoka misa, wote tunakwenda kwa mama yake. Kila mtu na kikapu."

Jamani, nusura nilie.

Haya, msinicheke: ruhusa sikupewa. Jumapili duka huwa limefungwa.