Picha Kwenye Sinia la Ijumaa

Sisi tuliokulia Mji wa Kale kabla ya simu kuingia mifukoni tulikuwa na subira, si kwa wema wetu, bali kwa kukosa la kufanya. Jua limewaka, watu wazima wamelala, na mama ameshaapa kwamba atakayetoka nje atakiona cha mtema kuni. Kwetu palibaki vitu viwili: vitabu vya dada yangu Zuhura, na boksi la picha ya vipande ambalo baba, karani wa gatini Mbaraki, alipewa na baharia mmoja.

Boksi lilikuja bila kifuniko, kwa hivyo hatukujua picha yenyewe ni ya nini. Tuliipanga juu ya sinia kubwa la pilau, maana hilo liliweza kusukumwa chini ya kitanda wageni wakibisha hodi. Zuhura, aliyenipita miaka minane, alilala kifudifudi mkekani akisoma kwa sauti, nami nikitafuta vipande. Hadithi ikifika pale mlango unapogongwa na hatujui ni nani, alifunga kitabu, kidole kikiwa ndani.

"Sisomi mbee mpaka upate kipande cha paa."

Nililia kwa hasira. Nilivigongomea vipande kwa ngumi vikae pasipo pao. Lakini nilipokipata chenyewe, furaha ilikuja maradufu: paa limeziba, na mlango umefunguliwa.

Vitabu vilikuwa vya kuazimana, vingine vimeng'oka kurasa za mwisho, huenda zilikwenda kufungia bajia Makadara. Zuhura aliutunga mwisho mwenyewe, na kila siku ulikuwa mwingine. Mara bwana harusi amekufa, mara yuko hai na ana duka.

Adui yetu alikuwa Ijumaa. Kila Alhamisi mama alikuja na kauli ile ile: "Sinia ni la wali. Ondoeni makaratasi yenu." Tukaibomoa, na Jumamosi tukaanza upya. Paa jekundu na nusu ya daraja tulivijua kama viganja vyetu, lakini picha nzima hatukupata kuiona.

Kisha Zuhura akaposwa na mtu wa Maskati. Nikaha ikapita, safari ikawekwa Jumamosi, na mimi nilijua kwamba bila yeye sitaimaliza. Wiki hiyo tulipanga tangu asubuhi. Alhamisi mama alisimama mlangoni, akaitazama mbingu ya picha iliyobaki tundu tundu, akageuka. Akaenda kuazima sinia kwa jirani.

Ijumaa, baada ya chakula, tuliimaliza. Ilikuwa nyumba, daraja, mto na bata wawili. Picha ya kawaida tu, lakini kwangu hapakuwa na nzuri zaidi duniani. Nikasema haitaguswa mpaka Zuhura arudi. Yeye aliitazama kidogo, kisha akaivuruga yote kwa viganja viwili.

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Akanivuta kifuani. "Nikiiwata nzima nisiivuruge, mdogo wangu, wewe utateza na nini?"

Leo wanangu wanapanga picha kwenye simu. Kipande kikikaribia mahali pake kinaingia chenyewe, na simu inawapongeza kwa kengele. Hadithi ikiwakawiza, wanatafuta mwisho wake mtandaoni kabla hata mgeni hajabisha. Nikiwasimulia ya kwetu wananihurumia, wanaona tuliteseka bure. Sibishani nao.

Juzi nimenunua boksi jipya, lenye kifuniko na picha yake wazi. Nimeipanga kwenye meza ambayo hakuna anayeitaka Ijumaa. Nilimaliza kwa siku nne, nyumba kimya, vipande vyote vimetimia. Nikakaa nikiitazama, na sikufurahi. Nilimkosa mtu wa kunifungia kitabu.