Wimbo wa Jembe wa Bibi Efrazia

Huko Gare yuko Bibi Efrazia, mjane wa miaka sabini na ushee, mwenye sauti ya kupasua ukungu. Zamani watu wakilima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, yeye ndiye aliyeongoza wimbo. Sasa amebaki nao peke yake. Wenzake wote wametangulia mbele ya haki.

Mwezi wa tatu nilipita kwake kuomba maji, nikamkuta binti wa chuo, Shamsa, ameketi ukingoni mwa shamba na simu mkononi. Ilikuwa siku yake ya tatu kuutafuta wimbo huo. Ijumaa mwalimu anautaka, la sivyo utafiti wake haupokelewi.

"Bibi, beti mbili tu, nakuomba."

"Mjukuu wangu, maneno hayaji mikono ikiwa mitupu. Yanakaa kwenye mpini."

"Basi shika jembe, bibi."

"Na nani ataitikia? Hiyo simu?"

Nikacheka. Kosa langu hilo. Akanigeukia: "Na wewe mzee unayecheka, majembe yapo matatu."

Simu ikawekwa juu ya jiwe ikirekodi, tukaanza kulima tukiupanda mteremko. Efrazia akafungua kinywa, na kweli, maneno yakaja kama maji ya mfereji. Shamsa analima, anaitikia. Tuta la nne akasimama kushika kiuno. Hapohapo wimbo ukageuka:

*Nani analibembeleza jembe kama mtoto?*
*Ni Shamsa, ni Shamsa!*
*Mbegu za viazi zitaota mvi zikimngoja!*

Na binti, kwa kuwa alishazoea kuitikia, akalipaza jina lake mwenyewe kwa nguvu zote. Mimi nikazidi kuinama, nisije nikatajwa na mimi.

Tulipomaliza Shamsa akausikiliza kwenye simu, akashika mdomo. "Bibi! Walimu wote watasikia! Tuimbe tena, unitoe."

"Bila mvivu si wimbo, ni kelele. Mimi nilitajwa humo wiki niliyoolewa hapa nikitokea Mazinde. Nililia. Lakini tangu siku ile hakuna aliyeniita mgeni."

Shamsa akaitazama simu, kidole kikielea juu ya alama ya kufuta. Mwisho akafungua daftari, akaandika huku akijisomea: "Mwimbaji, Efrazia. Mwitikiaji, Shamsa."

"Ongeza na kazi yake," bibi akasema. "Mvivu."

Akaongeza, akipuliza malengelenge ya kiganjani.