Alhamisi ya Bibi

"Kwa nini hawakuja?"

Bibi aliniuliza hivyo kwa simu, Ijumaa asubuhi, kabla hata ya salamu. Jana yake alikuwa amefagia uwanja, ametandika mikeka, ameazima viti kwa jirani, amechemsha mihogo na kujaza chupa tatu za chai. Ilikuwa zamu yake kupokea jumuiya. Kwa Wakatoliki wa kwetu Butiama, jumuiya ni zile kaya za majirani zinazosali pamoja kila Alhamisi, wiki hii kwako, wiki ijayo kwa mwingine. Alisubiri mpaka jua likazama. Hakutokea mtu. Mihogo aliwapa mbuzi.

"Labda mvua," nilisema.

"Mvua gani? Wewe uko Musoma, unajua mvua ya huku?"

Nilimpigia mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwa bibi. Alinipokea kwa ukali.

"Sisi tulikuja Alhamisi ya wiki ile nyingine, tukakuta kufuli. Watu wazima tumesimama juani, tumelisalia kufuli kama wehu. Bibi yako siku hizi anafungiaga watu mlango?"

Nikaanza kuelewa, na sikupenda nilichokielewa. Wiki ile nyingine bibi alikuwa kwangu Nyakato, hapa Musoma, amekuja kupimwa presha. Jumatano alitaka kurudi. Mimi ndiye niliyechukua karatasi yake ya ratiba, nikaisoma, nikamwambia, "Zamu yako si kesho, ni Alhamisi ya wiki ijayo, bibi. Tulia, ule samaki." Akatulia.

Bibi aliacha kwenda jumuiya. "Wasali kwao," alisema. Siku nyingine ningempigia makofi. Tangu chuo nilikuwa nawachosha watu nyumbani kwa maswali: kwa nini mahudhurio ya sala yaandikwe kwenye daftari, kwa nini marehemu aulizwe jumuiya yake kabla ya kuulizwa jina. Lakini ndivyo ilivyo kwetu. Jumuiya ndiyo inayochimba kaburi, inayopika, inayoimba, inayombeba mtu. Aliyejitenga nayo huzikwa na watu wachache wanaotazamana. Bibi alikuwa na miaka zaidi ya themanini, na presha yake haikuwa ya kutania. Kuhusu Mungu nilikuwa na maswali mengi. Kuhusu nani angembeba bibi, sikutaka kuwa na swali hata moja.

Nilikwenda ofisi ya parokia. Ratiba ilikuwa kwenye tovuti ya parokia, na wanajumuiya wote waliisoma kwenye simu zao. Bibi hakuwa na simu ya namna hiyo, kwa hiyo nilikuwa nimemwomba katibu amchapishie. Kompyuta ya katibu ni kuukuu, na mimi ndiye niliyeiwekea kivinjari chepesi cha kufungulia tovuti, programu huria, ile ambayo msimbo wake, yale maandishi yanayoiendesha, uko wazi na yeyote anaweza kuurekebisha. Siku hiyo nilimhubiria katibu karibu saa nzima juu ya uhuru wa programu. Yeye alichotaka ni kompyuta iwake.

Niliweka simu yangu kando ya karatasi ya bibi. Kwenye simu, bibi alikuwa na Alhamisi ya pili. Kwenye karatasi alikuwa na ya tatu.

Ratiba ilikuwa jedwali. Kila tarehe ilikaa kwenye kisanduku kimoja kilichofunika safu mbili: safu ya mwenye nyumba, na chini yake safu ya msomaji wa siku hiyo. Kivinjari hupima safu kwanza, kisha hupanga maneno. Majina yetu ni marefu, na mengine yalivunjika yakawa mistari miwili. Safu zikanenepa, nyumba zikasukumwa chini, lakini tarehe zilibaki pale zilipopimwa mwanzo, kama vile hazikupewa taarifa. Nyumba ya bibi iliteremka mpaka ikasimama mbele ya tarehe ya jirani yake. Mistari ya jedwali ingemwonyesha mtu kwamba kuna kitu kimekwenda upande, lakini katibu alikuwa ameiondoa ili kubana wino.

"Kwa hiyo ni kompyuta," katibu alisema, akionekana kupata nafuu.

"Ni kivinjari nilichokiweka mimi."

Ningeweza kwenda kwa mwenyekiti siku ileile na kumweleza. Nilijua angenijibu nini: msomi amekuja kumkingia bibi yake kifua. Nilitaka kitu cha kuweka mezani. Basi nikaamua kurekebisha kivinjari.

Sijui kama nilifanya hivyo kwa ajili ya bibi au kwa ajili ya ubishi wangu. Najua kazi hiyo ilinichosha. Wakati huo nilikuwa nashikilia vipindi vya mwalimu aliyekwenda likizo katika chuo kimoja Bunda. Asubuhi niliiacha laptopu Nyakato ikijenga programu upya kutoka kwenye msimbo, kazi ya saa nyingi kwa mashine kama yangu. Nikirudi jioni nilikuta umeme ulikatika mchana na betri imekufa katikati. Siku iliyofuata hivyohivyo. Nikaanza kuibeba Bunda, nikaichomeka ofisini kwa walimu, ambako feni yake iliunguruma mpaka wenzangu wakalalamika.

"Unatengeneza nini hicho, mwalimu, mashine ya kusaga?"

"Kivinjari."

"Cha nani?"

"Cha watu wote."

"Aa! Cha watu wote, na umeme wa chuo." Walicheka. Mmoja, mwalimu wa hesabu, hakucheka. Alisogea akatazama jedwali kwenye kioo, akasema kwa upole, "Si umwambie katibu aandike kwa mkono?"

Alisema kweli. Nilikaa na swali lake safari nzima ya kurudi Musoma.

Hitilafu yenyewe ilikuwa ndogo. Baada ya kupima safu upya, msimbo haukurudi kuvipanga visanduku vilivyofunika safu zaidi ya moja. Marekebisho yalikuwa mistari sita. Kuipata mistari hiyo kulinichukua wiki tatu, kisha wiki nyingine mbili za kungoja jibu la wasimamizi wa mradi, watu nisiowajua, ambao walinitaka niandike jaribio la kuthibitisha kwamba jedwali lilikuwa linaharibika. Niliandika jaribio lenye majina marefu ya kubuni. Wakarudisha, nikarekebisha, wakarudisha tena. Hatimaye lilikuja jibu la neno moja la kukubali. Nililisoma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya maji. Sikuhisi furaha. Nilihisi njaa.

Katika muda huo wote bibi hakuhudhuria hata Alhamisi moja.

Nilikwenda Butiama na karatasi mbili: ratiba ileile, imechapishwa kwa kivinjari cha zamani na kwa kile nilichokirekebisha. Nilizitandaza juu ya meza ya mwenyekiti, nikapitisha kidole kwenye tarehe, nikaeleza. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Aliangalia karatasi moja, kisha nyingine, kisha akatazama nje.

"Mjukuu," alisema, "mimi haya mambo yenu siyajui. Lakini karatasi naiona. Mwambie bibi yako Alhamisi tunakuja kwake."

Bibi nilimkuta anapepeta mtama. Nilimweleza yote, na karatasi nikamwonyesha. Alizishika zote mbili, akazigeuza upande usioandikwa, akazigeuza tena.

"Kwa hiyo ni mashine," alisema.

"Ni mashine, bibi."

"Basi nitafagia."

Alhamisi hiyo walikuja wote. Mwenyekiti alikaa karibu na bibi, na chai ikaisha kabla ya sala kwisha. Mimi nilikaa nyuma na uchovu wangu, nikiamini kwamba safari hii nimejibu swali nililoulizwa.

Bibi aliishi miaka mingine miwili. Jumuiya ilimzika vizuri, uwanja haukutosha. Siku ya tatu baada ya mazishi nilikuwa nyuma ya nyumba na mwenyekiti, tunasugua masufuria kwa majivu, na akaniambia bila kuinua uso. Alhamisi ile ya mihogo, mchana, alipita njia ya mbele ya nyumba akaona mikeka na viti. Bibi alimwita, akamuuliza mbona wenzake wanachelewa. Akajua hapo hapo kwamba bibi amekosea wiki, na kwamba lile kufuli halikuwa dharau. Lakini lile jua la kwenye kufuli lilikuwa bado linamuuma, na alikuwa amechoka. Alimjibu bibi, "Watakuja," akapita.