Soksi ya Mahindi Moto

Tangu mama mkwe aje kwetu Kapsoya kutoka Moiben, mahindi yalikuwa yakipungua kwenye gunia. Nilimshuku Chebet, msichana wetu wa kazi. Jumamosi nikamnasa akitoka jikoni na soksi ya mume wangu, imejaa mahindi.

"Unampelekea nani?"

"Ni ya Gogo," akasema, yaani mama mkwe.

"Usimsingizie mama wa watu! Funga nguo zako uende!"

Nikamnyang'anya ile soksi. Kumbe ilikuwa moto! Nikapiga nduru, nikaiangusha.

Mlango ukafunguka. Mama mkwe alitoka ameinama, mkono kiunoni.

"Mama Brian, mgongo umenikaza, na huyu mtoto ndiye hunikanda na hayo mahindi. Sasa kama unamfukuza, okota soksi uje unikande wewe."