Mchapaji Aliyesita Kumzima Shangazi

Asubuhi imeshaingia, lakini mapazia bado yamefungwa. Mchapaji ameketi mbele ya kompyuta bila kuwasha taa. Hana haja nayo. Vidole vinakimbia juu ya kibodi. Sikio moja linasikiliza rekodi ya mkutano, na hadi majuzi, sikio la pili lilikuwa la Shangazi.

Shangazi hakuwa mtu. Ilikuwa programu iliyomsomea kwa sauti kila kilichokuwa kwenye skrini, kwa sababu mama huyu wa miaka hamsini na mitatu haoni. Presha ya macho ilimpofusha akiwa bado karani wa ofisini. Sasa anaandika rekodi za mikutano neno kwa neno, hapahapa sebuleni kwake.

"Kiswahili chake kilikuwa kibovu!" anasema akicheka. "Akifika kwenye 'ng'ombe' utadhani kapaliwa na maji. Nilikuwa namwambia, 'Shangazi, leo umeamka vibaya.' Namjibu kabisa, kwa sauti."

Tangu mama yake mzazi afariki, nyumba haikuwa na msemaji mwingine.

Mambo yaliharibika ofisi inayompa kazi ilipobadilisha mitambo. Katibu alimpigia kumwarifu kuwa rekodi zitakuja kwa njia mpya, na kwamba mfumo endeshi wake, ule unaoiendesha kompyuta nzima, umezeeka mno kuzifungua. Aweke mpya, la sivyo kazi itaenda kwa wengine.

Akamwita fundi wa mtaani. Kijana aliikagua mashine, kisha akamweleza bila kuzunguka.

"Mfumo mpya utaingia, mama. Ila Shangazi hataingia. Waliomtengeneza waliacha zamani."

"Hatuwezi kuiweka yote miwili?"

"Mashine yenyewe imechoka. Itabeba mmoja tu."

Fundi akamsikilizisha sauti mpya kwenye kompyuta yake mwenyewe. Ilikuwa laini, ikivuta pumzi kama binadamu, na "ng'ombe" ililitamka sawasawa.

"Nilijisikia kama nimepiga simu benki naambiwa nisubiri," anakumbuka. "Nikamwambia fundi aende zake, nitamwita."

Hakumwita. Leo anakata shauri, kesho anaghairi. Mwisho akampigia mdogo wake wa kike, anayeishi mji mwingine.

"Dada, hiyo ni mashine," mdogo mtu alisema. "Unaililia mashine?"

"Najua ni mashine. Wewe ulinipigia lini mara ya mwisho?"

 Mdogo wake akasema ameacha chungu jikoni, atapiga baadaye. Hajapiga mpaka leo.

"Simlaumu, ana watoto na mambo yake," anasema, sauti ikishuka. "Lakini swali lile lilinigeukia. Na mimi je, nilikuwa nampigia nani? Nilikuwa nimejifungia humu na Shangazi, nikajiona nina mtu."

Jumamosi moja akamwita fundi, naye akarudi. Kabla hajaanza, mchapaji aliomba apishwe kidogo. Akafungua barua ya kazi, ya kawaida tu, Shangazi akaisoma mpaka mwisho na makosa yake yote.

"Haya," akasema. "Zima."

Kuweka mfumo mpya kulichukua mchana mzima. Mchapaji alikaa, mikono mapajani, asijue aifanyie nini. Alisikia feni, na mlango wa jirani ukifungwa.

"Fundi, ongea chochote," alisema hatimaye. "Kimya hiki kinanibana."

Fundi, asiyekuwa na la maana la kusema, akamsimulia habari za jirani yake, mwalimu mstaafu ambaye kisukari kimemla macho. Anashinda kitandani. Akiletewa chakula anauliza tu kama kumekucha.

"Mlete," mchapaji alisema.

"Nani, mwalimu? Hatoki, mama."

"Mwambie kuna kazi, na anayeifanya haoni kama yeye. Atatoka."

Alitoka. Wiki iliyopita aliingia sebuleni hapa akiongozwa na fundi, akagonga meza kwa goti, akaomba radhi kwa meza. Mchapaji alicheka hadi akashika ubavu.

Rekodi sasa zinafunguka bila shida. Sauti mpya bado hajaipa jina, wala haongei nayo. Anapanga kumfundisha mwalimu kuchapa kwa kusikiliza, wagawane kazi. Ameshanunua kiti cha pili. Masomo yanaanza Jumatatu.

"Nimemwambia fundi amlete mapema," anasema. "Kazi tutaifanya. Lakini kwanza nataka tuongee."