Maziko Bila Mwili

Sogea, mwanangu, nikueleze jambo. Nilikuwa padre kijana wa Kianglikana, nimerudi karibuni kutoka Burma, ambako nilihudumu katika jeshi la Mwingereza. Kule tulizika upesi: kaburi, sala, saluti, twende. Niliporudi Arusha mwili ulirudi, utulivu ukabaki njiani. Hata kikombe cha chai sikuweza kukimaliza nimekaa.

Nakumbuka asubuhi nilipoitwa kwenye miteremko ya Meru, nyumbani kwa Elifasi, askari niliyemzika Burma kwa mikono yangu. Wazee wa ukoo walitaka nisome sala ya maziko, ingawa mwili haupo, ili msiba uishe. Mama yake alikataa. Serikali ilikuwa imemwambia neno moja tu, amekufa. Tangu hapo hakutoa chozi, na kila jioni bado alimwekea mwanawe chakula.

Nilimkuta kando ya migomba akimenya ndizi. Nikafungua kitabu nikiwa wima.

"Shikamoo, mama. Tuanze, watu wanangoja."

"Marahaba. Wanangoja nini?"

"Sala, mama."

Akatazama buti zangu. "Baba mchungaji, vita vimekwisha. Miguu yako haijaambiwa? Keti. Kigoda cha Mlutheri hakimng'ati Mwanglikana."

Wazee wakacheka. Nikaketi. Akanipa kisu, tukamenya. Ukimya ule, mwanangu, ulinitesa kuliko mizinga. Mara mbili nilitaka kuinuka.

Kisha akauliza, "Alikuwa na nani?"

"Na mimi, mama. Alikufa kwa homa. Nilimshika kichwa."

"Aliomba nini?"

"Maji. Akanywa, akasema hayana baridi kama ya kwetu mlimani."

Kisu kikamdondoka. Akalia kilio ambacho wanawake wa jirani walikisikia, wakaja wakalia naye. Jua lilipokuwa utosini alijifuta uso, akaniambia, "Sasa soma." Nikasoma, naye akaitikia kila sala.

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Mimi nilitaka kumtangulia. Wala sikupona siku ile. Wasiwasi hunijia hata leo, nami hujilazimisha kukaa.

Mungu akujalie moyo wa kustahimili ukimya wa wenzako. Ukienda msibani, keti kwanza. Jibu unachoulizwa. Usifungue kitabu mpaka mfiwa akuambie soma.