Tawa Iliyooshwa Mara Saba

Wajukuu zangu, nyinyi mnaonunua chapati Ukunda, na kikaango kikianza kugandisha mnakitupa, hebu tulieni mnisome. Shule mimi sikwenda, nilisoma chuo cha Kurani tu, na kuandika nimejifunza ukubwani. Mkikuta kosa liacheni lilipo.

Nilipoolewa Msambweni, miaka ile ya hamsini, unga wa ngano haukuwa kitu cha kila siku. Tulikula sima na muhogo. Mikate ya kusukuma, hiyo mnayoiita chapati, ilipikwa Idi, na ilipikwa mtu akifa. Mavyaa, mamake mume wangu, alikuwa na tawa ya kuipikia, ya chuma cha kusubu, nzito, nyeusi, laini kama kioo. Aliachiwa na mamake. Ilikuwa haioshwi. Ikisha kupikiwa hufutwa kwa kitambaa ingali moto, ikapakwa mafuta ya mkia wa kondoo tuliyoletewa kutoka Taru, ikatundikwa juu ya jiko. Weusi ule ulikuwa mafuta ya miaka mingi, na ndio uliozuia mkate usigande.

Baba mkwe alipofariki, mavyaa akakaa eda. Aliniita chumbani, akanipa ile tawa kwa mikono miwili.

"Mwanangu, jikoni siingii mpaka eda yangu iishe. Hii nakuachia wewe. Arubaini ya mume wangu, nataka watu wale mikate ya tawa hii, kama alivyokula yeye."

Alikuwa na binti yake wa kumzaa, wifi yangu, mle mle nyumbani. Akanipa mimi.

Siku tatu kabla ya arubaini nilipika mkate mmoja wa kujaribu unga. Nikaiweka tawa chini, nje ya jiko, ipoe, nikaenda kisimani. Niliporudi nilimkuta mbwa anailamba.

Chuoni tulifundishwa kwamba chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mara moja. Mimi kwa hofu nilisugua udongo kwa makumbi ya nazi mara zote saba, mpaka weusi ukatoka wote na chuma kikabaki kijivu. Nikaona nimefanya kazi. Nikaiegemeza ukutani ikauke, na maji ya kisima chetu yana chumvi. Asubuhi tawa ilikuwa nyekundu kwa kutu.

Nikaifuta, nikapaka mafuta, nikanyamaza. Nilipokwenda kumwamkia mavyaa, "Shikamoo, mama," aliitikia, kisha akauliza, "Tawa yangu haijambo?"

"Haijambo, mama."

Kesho yake akauliza tena, nikajibu vile vile. Siku iliyofuata ndiyo ilikuwa arubaini yenyewe.

Wanaume walikuwa barazani wanasoma khitma, sisi wanawake tuko jikoni. Mkate wa kwanza ukaganda. Wa pili ukachanika.

"Wifi," wifi yangu akasema, "hii mikate au viraka?"

"Mpelekee fundi aishone!" akadakia mwanamke mmoja, wote wakacheka.

Wa tatu ulipotoka na harufu ya kutu hakucheka mtu. Unga ulikuwa umeshakandwa wote. Wifi akachukua kipande akampelekea mamake. Punde nikaitwa.

Mavyaa alikuwa amekaa kitandani, kipande cha mkate kiganjani.

"Nani ameisugua tawa?"

"Mimi, mama."

"Kwa nini?"

"Niliiweka chini. Mbwa akailamba."

Akakiweka kile kipande kando. Barazani sauti zilikuwa zimefika Yasini.

"Kuiosha umefanya haki. Usingeiosha, ungewalisha watu najisi katika arubaini ya mume wangu. Lakini siku mbili nakuuliza, na siku mbili unaniambia haijambo. Ungesema juzi ile ile, ningekuonyesha namna ya kuichoma na kuilisha mafuta, na leo ingepika."

"Nisamehe, mama."

"Nenda kaazime kwa jirani. Wageni hawana kosa."

Wageni wakala mikate ya tawa ya jirani, wakaomba dua, wakaondoka. Mavyaa hakula. Jambo moja tu alilotaka kwa ajili ya mumewe halikufanyika, na mtu hana arubaini mbili.

Tangu siku ile, kila siku mpaka eda ikaisha, niliichoma tawa kwa moto wa vifuu vya nazi, nikaipaka mafuta, nikaifuta, nikaichoma tena. Weusi ukarudi kidogo kidogo. Mavyaa alipotoka eda aliingia jikoni, akasukuma mkate mmoja. Ukateleza juu ya tawa. Akaukata vipande viwili, akanipa kimoja, tukala tumesimama. Kisha akaitundika tawa mwenyewe, akatoka. Hakunisema tena, na hakuniuliza tena kama tawa haijambo. Ningependa aniulize.

Nilipokuwa na nyumba yangu, amri ya kwanza niliyowapa watu wangu ni hii: tawa isiwekwe chini, na atakayeiharibu aje aniambie siku hiyo hiyo, kabla sijamuuliza.